Helikrisumu ya Corsica na ya Bosnia: jina moja, harufu mbili

Ukichanganya manukato ya kujipaka kwa mafuta ya helikrisumu yanayokamuliwa kwenye maua, nunua ile ya Corsica, kisiwa cha Ufaransa, bei yake ni halali. Ukitengeneza sabuni, acha kabisa, chukua ya Bosnia. Hayo ndiyo maoni yangu baada ya kuzitumia chupa zote mbili, mililita 5 kila moja, kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni.

Lebo zote mbili zinataja mmea uleule, Helichrysum italicum. Ni kichaka kifupi cha majani ya kijivu na maua ya njano, kinachoota chenyewe kwenye miamba na mchanga wa pwani za Mediterania. Waliopita karibu nacho siku ya jua kali wanasema kinanukia bizari.

Nilidondosha tone la kila chupa kwenye kipande chake cha karatasi. Ya Bosnia ndiyo iliyowahi puani: msonobari, utomvu, ukali unaokaribia tapentaini, halafu polepole ikajitokeza bizari kavu. Ya Corsica haikuwa na pupa. Ilianza na utamu wa matunda yaliyoiva sana, waridi kwa mbali, na chini yake harufu kama ya majani makavu yaliyoloweshwa asali. Kufika jioni, karatasi ya Bosnia ilikuwa imebaki na harufu hafifu ya mbao. Ya Corsica niliikuta asubuhi bado tamu.

Tofauti hiyo si maneno ya matangazo. Mafuta ya Corsica kwa kawaida yanatawaliwa na nerili asetati, kemikali yenye utamu wa maua na matunda, na karatasi ya vipimo iliyokuja na chupa yangu inaonyesha zaidi ya asilimia 30. Mafuta ya nchi za Balkani, Bosnia ikiwa mojawapo, mara nyingi yanaongozwa na alfa-pineni, ileile inayonukia kwenye misonobari, pamoja na kemikali nyingine, gama-kurkumeni. Alfa-pineni ni nyepesi, inaruka hewani mapema, ndiyo maana karatasi ile ilichoka haraka. Mimea ya Corsica na ya Balkani inatofautiana kwa nasaba, na juu ya hapo kuna udongo, hali ya hewa na wakati wa kuvuna. Kwa hiyo hata ndani ya Corsica usitegemee kila chupa ilingane na ya mwenzake. Soma vipimo vya toleo lako.

Hapo ndipo muuzaji aliponiudhi. Chupa ya Bosnia ilikuja bila karatasi ya vipimo. Ilibidi niiombe ndipo nikatumiwa. Tena kwenye duka lake maelezo ya chupa zote mbili ni yaleyale neno kwa neno, utamu wa asali na kila kitu. Mtu anayenunua ya Bosnia akitarajia asali atajiona ametapeliwa, na mafuta yenyewe hayana kosa lolote. Ni mazuri sana kwa harufu za msituni, ukiyaweka na mierezi.

Kuhusu sabuni: nerili asetati ni esta, aina ya kemikali isiyoweza kustahimili kostiki soda inayotumika kutengenezea sabuni. Inavunjwavunjwa, na utamu ule uliolipia pesa nyingi unabadilika kabla sabuni haijakauka. Alfa-pineni haivunjwi na kostiki, ingawa nayo itapungua kwa kuruka. Inaniuma kuona watu wakimimina mafuta ya Corsica kwenye sufuria ya sabuni, maana tani nzima ya maua hutoa kilo moja au mbili tu za mafuta. Uhaba huo pia ndio unaowatamanisha wachakachuaji, kwa hiyo bei ya kutupa ikushtue.

Vifungashio ni vizuri: chupa za kioo cheusi, vifuniko vinabana, kidondoshio hakivuji. Hifadhi mahali penye ubaridi na giza, hasa ya Bosnia, kwa sababu pineni ikiingiliwa na hewa muda mrefu huanza kuwasha ngozi. Madai kwamba mafuta haya huondoa makovu sikuyapima, mimi nilinunua harufu.

Ya Corsica naipa nyota 5 na nitaagiza tena kiasi hichohicho, kwani tone moja linatosha kubadili mchanganyiko mzima. Ya Bosnia naipa 4. Nitachukua chupa kubwa zaidi siku muuzaji atakapoiandikia maelezo yake yenyewe.