Hockey Hall of Fame, Toronto: mpeleke mtoto wako anayecheza beki

Ukiwa na mtoto anayecheza hoki ya barafuni, utaulizwa swali lile lile kila mahali: kafunga mangapi? Jirani anauliza, mwalimu anauliza, shangazi yake akipiga simu kutoka nyumbani hata salamu hazijaisha anauliza. Mwanangu ni beki. Kazi yake ni kuzuia wengine wasifunge, na akiifanya vizuri hakuna kinachoonekana ubaoni. Amefika umri wa kuanza kuona aibu kwa jambo hilo, na mimi mama yake sikubali aone aibu kwa kazi ngumu kuliko zote uwanjani ukimwondoa kipa.

Kwa hiyo nilimpeleka kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki nikiwa na shabaha moja, kumwonyesha mabeki. Nawaandikia wazazi wenzangu mlioko huku Ontario, na yeyote atakayepita Toronto, kwa sababu mtu akiingia mle bila kujua anamtafuta nani, anaweza kutoka ameona makombe na fulana tu.

Kufika ni rahisi. Ukumbi uko kona ya barabara za Yonge na Front, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Union. Wakati wa baridi huna haja ya kutoka nje, maana njia za chini ya ardhi wanazoziita PATH zinakufikisha mpaka ndani ya Brookfield Place, na lango la kuingilia liko humo, sakafu ya chini. Lile jengo zuri la mawe unaloliona ukiwa barabarani ni sehemu ya ukumbi pia, ila utaliingia kwa ndani.

Sehemu ya chini watoto wataipenda bila kuambiwa. Kuna barakoa za makipa wa zamani na wa sasa, magongo, viatu vya kutelezea, fulana za nchi na nchi. Kuna pahali pa kumpigia kipa aliye kwenye skrini, na pahali pa kukaa golini wewe mwenyewe upigiwe. Mwanangu alipiga akarudi foleni, akapiga tena, mpaka jasho likamtoka. Kazi ya beki haiwezi kuwekwa kwenye mashine kama ile, kwani inahitaji adui anayekujia na mwenzako wa kushoto au kulia. Hapo ndipo nilipomwambia sasa twende juu.

Juu ndiko kwenye moyo wa mahali hapa. Lilikuwa jengo la Benki ya Montreal, lilijengwa mwaka 1885, na ukumbi ulihamia humo mwaka 1993. Dari ni kuba la vioo vya rangi, na mwanga wake unashuka juu ya makombe yote makubwa ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani. Ukutani kuna vibao vya kioo vilivyochorwa sura za wote walioteuliwa. Watu wanashusha sauti wenyewe bila kuombwa. Kaeni huko muda mrefu kuliko mtakavyokaa kwenye michezo.

Anzeni na tuzo ya Norris, anayopewa beki bora wa msimu. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1954, ikaenda kwa Red Kelly wa Detroit. Baada yake Doug Harvey wa Montreal aliichukua mara 7. Harvey alikuwa mmoja wa wachezaji waliojaribu kuunda chama chao cha wafanyakazi mwaka 1957, enzi ambazo wenye timu walikuwa wakiamua kila kitu, na mwaka 1961 akapelekwa New York. Huko nako akachukua Norris, ile ya saba.

Kisha mtafuteni Bobby Orr. Yeye alishinda Norris misimu 8 mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1975, na ndiye beki pekee aliyewahi kuongoza ligi nzima kwa pointi, yaani mabao na pasi za mabao, mara mbili. Kuna hesabu moja ya hoki ambayo wazazi wa mabeki wote wanapaswa kuijua, ya kujumlisha na kutoa. Ukiwa barafuni timu yako ikafunga, unaongezewa moja. Ikifungwa, unapunguziwa moja. Mabao yanayofungwa na timu iliyo na mtu zaidi kwa sababu ya adhabu hayaingii. Msimu wa 1970–71 Orr alimaliza na 124 juu ya sifuri, na hakuna aliyewahi kuifikia. Nilimwona mwanangu akiirudia namba ile kwa sauti ya chini. Amepata kitu cha kumwambia shangazi.

Lakini maisha ya Orr nilimweleza yote, kwa kuwa ndiyo maisha ya kazi hii. Magoti yalimwisha. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara kumi, akaingizwa humu ukumbini mwaka 1979 akiwa na miaka 31, umri ambao mabeki wengi wako kwenye kilele chao. Na hakuumizwa na wapinzani peke yao. Wakala wake, Alan Eagleson, ndiye aliyemwendeshea mambo yake yote. Boston walikuwa tayari kumpa hisa za asilimia 18.5 za timu ili abaki, na Orr amesimulia kwamba hakuambiwa. Akaenda Chicago, akastaafu akiwa karibu kufilisika. Eagleson naye aliwahi kuwa na kibao chake humu humu. Mwaka 1998 alikiri ulaghai mahakamani, akafungwa, akajiuzulu uanachama wa ukumbi. Mzazi yeyote anayeota ndoto ya mkataba wa NHL kwa mwanawe asimame mbele ya sura ya Orr akumbuke kwamba karatasi husomwa kabla ya kutiwa saini, hata kama anayeileta ni rafiki.

Kombe la Stanley, la bingwa wa NHL, liko humo, na wanakuruhusu kuligusa na kupiga nalo picha. Wachezaji wenyewe huwa hawaligusi mpaka walishinde. Likiwa safarini utakuta nakala yake, yenye majina yale yale, kwa hiyo usivunjike moyo. Wengi wanapiga picha wanaondoka. Sisi tulisoma. Pete pana za chini zimechorwa majina ya wachezaji wa timu bingwa, herufi ndogo zilizogongwa moja moja, nyingine zimepinda kidogo, unazisikia kwa ncha ya kidole. Pete zikijaa zote, ya zamani kuliko zote hutolewa ikawekwa kwenye chumba cha hazina cha ile benki, chenye mlango mzito wa chuma ulioachwa wazi, pamoja na bakuli lenyewe la kwanza ambalo Lord Stanley alilitoa mwaka 1892.

Ndani ya pete mbili kama hizo kuna maisha ya beki mmoja ambaye jina lake kila mtu nchini Kanada analitamka kila siku bila kumfikiria. Tim Horton. Mwanangu alidhani ni jina la mkahawa tu, na siwezi kumlaumu. Alizaliwa Cochrane, kaskazini mwa Ontario, mwaka 1930, akacheza Maple Leafs, timu ya Toronto, kwa karibu miaka 20. Alikuwa na nguvu za ajabu na hakupenda kuzitumia kupigana ngumi. Mtu akimjia kwa hasira alimkumbatia akambana mpaka akatulia. Mwaka 1955 aligongwa na Bill Gadsby wa New York akavunjika mguu na taya pamoja. Wengi wangekwisha. Yeye alirudi, na kuanzia 1961 hadi 1968 akacheza mechi 486 za msimu mfululizo bila kukosa hata moja. Fikirieni hiyo kwa mtu ambaye kazi yake ni kulala mbele ya mashuti.

Mabingwa wa 1962, 1963 na 1964, Horton akiwemo, wako kwenye pete iliyokwisha kutolewa, imo hazinani. Wale wa 1967 bado wako kwenye kombe lenyewe, na ni pete hiyo hiyo yenye jina la Orr mwaka 1970 na 1972. Mwoneshe mtoto zote mbili. Toronto hawajashinda tena tangu 1967, kwa hiyo usijisumbue kuwatafuta zaidi ya hapo.

Mishahara ya wakati ule haikutosha kumlea mtu maisha yake yote, wachezaji walikuwa na kazi za pembeni wakati wa kiangazi. Horton alifungua duka la donati mjini Hamilton mwaka 1964 na akaendelea kucheza. Alikuwa bado anacheza akiwa na miaka 44. Tarehe 21 Februari 1974, baada ya mechi hapa Toronto, aliendesha gari usiku kurudi Buffalo alikokuwa akichezea, akapata ajali karibu na St. Catharines, akafariki. Aliingizwa ukumbini mwaka 1977. Ameacha mechi 1,446 za msimu wa kawaida nyuma yake, na watu wanamjua kwa kahawa. Mimi hilo linanigusa sana.

Kuna mwingine ambaye hutamwona kwenye kombe hata ukiligeuza, naye ndiye niliyesimama mbele ya sura yake kuliko wote. Börje Salming alitoka karibu na Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden, baba yake wa jamii ya Wasami, aliyefia mgodini mtoto akiwa na miaka 5. Alifika Toronto mwaka 1973, wakati ambapo watu wa huku waliamini mchezaji wa Ulaya ni mwoga. Walimzomea, wakamgonga makusudi, wakamwita kuku. Hakurudi kwao. Alizuia mashuti kwa mwili wake kwa miaka 16 akiwa na Maple Leafs, na pasi zake 620 za mabao bado ni rekodi ya timu hiyo. Mwaka 1976 alikuja kucheza na Sweden dhidi ya Kanada hapa hapa, na jina lake lilipotajwa uwanja mzima wa Toronto ukasimama kumshangilia, yeye aliyevaa fulana ya wapinzani. Sisi tuliohamia nchi hii tunajua thamani ya kitu kama hicho. Mwaka 1986 kiatu cha mchezaji kilimpasua uso, akashonwa nyuzi zaidi ya 200. Akaendelea kucheza.

Mwaka 1996 akawa Mswidi wa kwanza kuingizwa humu. Na Novemba 2022, akiwa na ugonjwa wa ALS unaoua neva za misuli, sauti imeshakwenda, alivuka bahari kuja kwenye wikiendi ya ukumbi huu. Alisimama barafuni, Darryl Sittler, nahodha wake wa zamani, akiwa pembeni yake analia waziwazi. Alifariki tarehe 24 mwezi huo huo. Uwanja ule wa Maple Leafs, Scotiabank Arena, uko umbali wa kutembea kutoka ukumbini. Mkitoka, nendeni mpaka pale nje.

Wa karibuni nao wapo. Mwaka 2025 waliingia pamoja mabeki wawili ambao hata watoto wa leo wanawakumbuka. Zdeno Chára, Mslovakia mwenye urefu wa mita 2.06, alicheza mechi 1,680, nyingi kuliko beki yeyote wa NHL. Duncan Keith, mdogo kwa umbo karibu naye, aling'olewa meno 7 na paki, kile kisahani cha mpira mgumu, kwenye mechi za mtoano za 2010, akarudi kucheza mechi ile ile. Nimeandika hili nikijua baadhi ya wazazi watatishika. Ni afadhali mtishike sasa, kisha mnunue kinga ya meno nzuri na mhakikishe inavaliwa hata mazoezini.

Na kama ni binti anayecheza beki, msitoke bila kumtafuta Geraldine Heaney. Alizaliwa Ireland ya Kaskazini, akakulia Toronto. Mwaka 1990, fainali ya kwanza ya dunia ya wanawake ikichezwa Ottawa, aliwapita Wamarekani akafunga bao la ushindi huku akiruka hewani. Wakati huo wanawake hawakuwa na nafasi ukumbini; wa kwanza waliingia 2010, yeye akafuata 2013.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa muda. Saa moja haitoshi, tengeni nusu siku, na mkiweza mje siku ya katikati ya wiki asubuhi, hapo mtalisoma kombe bila foleni kuwasukuma. Anzeni juu, michezo ya chini iwe mwisho, maana mtoto akishashika gongo hutamtoa. Duka liko njiani mnapotoka. Mwanangu alichagua fulana ya namba 21, ya Salming, akaivaa juu ya koti.