Elfu thelathini kwa programu za bure: duka la Dodoma lililonichefua

"Bosi, unataka kazi au unataka maswali?" Ndivyo kijana wa dukani alivyonijibu nilipomuuliza kwa nini Visual Studio Code imo kwenye bei. Jina la duka sitaji. Lipo mjini kati hapa Dodoma, na linauza "pakeji ya developa" kwa shilingi 30,000: Visual Studio Code (ya kuandikia msimbo), Git (ya kutunza matoleo ya msimbo), XAMPP (seva ya kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako), Android Studio (ya kutengenezea programu za simu) na IntelliJ IDEA (ya kuandikia Java) "full".

Nne za kwanza ni bure kwenye tovuti za wenyewe, na hakuna hata moja inayodai kadi ya benki. IntelliJ nayo ina sehemu ya bure tangu 2009, na mwanafunzi mwenye barua pepe ya chuo anaomba leseni ya elimu ya toleo kamili bila kulipa senti. Nilipomwambia hivyo akacheka: "Vya bure ni vya kujifunzia tu, mtu wa kazi analipia." Mbele ya wateja!

Tumtendee haki kidogo. Kuuza nakala peke yake si dhambi. Leseni ya GPL, ambayo Git inatumia, inamruhusu mtu kutoza kwa kukunakilia. Bando nalo ni hela, na Android Studio pekee inazidi GB 1. Anayenibebea mzigo huo kwenye flashi nitamlipa bila kununa.

Shida ni kwamba mzigo wenyewe hakuubeba. Ameweka Android Studio tupu, haina SDK, yaani zana za kujengea programu za Android. Ukiifungua mara ya kwanza inaanza kuvuta SDK, ukianzisha mradi inavuta Gradle (inayojenga mradi) na maktaba zake, na bando ulilodhani umeliokoa linakatika jioni hiyohiyo. Muuzaji anayejua kazi angenakili folda mbili zaidi: Sdk iliyo ndani ya AppData\Local\Android, na .gradle iliyo kwenye folda ya mtumiaji. Hapo mradi wenye matoleo yaleyale unajengwa kwa amri ya gradlew assembleDebug --offline bila intaneti. Toleo la Gradle au la maktaba moja likitofautiana, inagoma. Halafu anaiweka, na emuleta (simu ya kuigiza) juu yake, hata kwenye kompyuta ya RAM GB 4, wakati wenyewe wanataka angalau 8! Kwa mashine ndogo, andika msimbo kwenye VS Code, tumia zana za SDK za mstari wa amri, na jaribu kwenye simu halisi kwa waya: gonga "Build number" kwenye mipangilio ya simu mara 7, kisha washa USB debugging.

XAMPP yake ina PHP (lugha ya kuandikia tovuti) toleo la 7.4, ambalo liliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022. Laravel 11, mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP, inataka angalau 8.2, kwa hiyo Composer, inayovuta maktaba za PHP, inakukatalia mlangoni. Wengine wanalazimisha kwa --ignore-platform-reqs. Hiyo inaahirisha kosa tu, litakulipukia mbele.

Lakini kilichonipandisha presha ni hiyo IntelliJ "full". Imekrakiwa, yaani leseni yake imevunjwa. Fungua faili lake la mipangilio, la vmoptions, uangalie: ukiona mstari unaoanza na -javaagent unaoelekea kwenye faili la jar usilolijua, ndiyo hiyo. Na ili antivairasi isilalamike, kijana ameingia Windows Security akaiorodhesha diski C nzima kwenye Exclusions, orodha ya vitu visivyokaguliwa. C nzima! Yaani kirusi chochote kikiingia kinapita bila kuulizwa, na wewe umelipia huduma hiyo. Ondoa hiyo exclusion, kagua faili la hosts (linaloweza kuelekeza tovuti kwingine), badilisha nywila na funguo za SSH (za kuingilia seva) ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Mimi ningesakinisha Windows upya kabisa.

Nilikusudia kumpa nyota mbili, maana Git aliyoweka ni mpya na inafanya kazi vizuri. Nikifikiria tena ile C, hata moja hapati. Ila najua kuna watu hawana njia nyingine ya kupata GB zote hizo, nao wataenda tu. Basi nendeni na flashi yenu iliyoformatiwa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na folda ya .gradle, kama anayo, mtaifunga kuwa faili moja la zip. Vile vifaili vidogo maelfu vikinakiliwa kimojakimoja mtakesha. Kubalini kulipia kunakili tu. Msimkabidhi kompyuta. IntelliJ yake mwachieni mwenyewe. Mkifika nyumbani, kabla ya kusakinisha Android Studio, andikeni kwenye Command Prompt certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, mlinganishe namba itakayotokea na ile iliyo kwenye ukurasa wa kupakulia, mjue faili halijachezewa. Ukurasa huo hauli bando kubwa.