Dawa ya kusukutua mdomo: wiki ya kwanza ningeisifu, leo nina hasira

Mimi ni msusi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Rasta za mtu mmoja zinanila saa nne, tano, mdomo wangu uko juu ya paji lake la uso muda wote huo. Kipindi kile cha baridi kali, mteja wangu wa miaka mingi akawa anageuza shingo kila nikiongea. Namrudisha kichwa, anageuza tena. Nikaelewa. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nikaenda famasi. Nikamwambia kijana wa kaunta kwa sauti ya chini, naomba dawa ya kusukutua. Akanijibu kwa sauti ya mnadani: "Ya nini, mdomo unanuka?" Mama aliyebeba mtoto mgongoni akageuka, akanitazama mdomo, si macho. Kijana akasukuma chupa: "Asubuhi na jioni, itaisha hiyo." Basi. Hakuuliza kama nina jino bovu, hakusema nitumie siku ngapi.

Na ilifanya kazi! Sitaki kuionea. Wiki ile mteja alitulia kwenye kiti mpaka rasta ya mwisho. Nikawaambia wenzangu saluni wote wainunue, Mungu anisamehe.

Nadhani ilikuwa wiki ya tatu au ya nne, nikaona meno ya mbele yana rangi ya kahawia, kama kikombe cha chai kilichokaa siku mbili bila kuoshwa. Chai yenyewe, majani ya Tukuyu niliyokunywa tangu utoto, haina ladha. Nikiruka siku moja, harufu ileile.

Daktari wa meno aliisoma chupa: klorheksidini. Akasema inaua bakteria kweli, ila kwa kawaida ni ya wiki mbili hivi. Ukizidisha inatia meno madoa na kuvuruga ladha, na mnywaji wa chai au kahawa ndiye anayeumia zaidi. Harufu yangu ilikuwa inatoka kwenye gego la nyuma lenye tundu, ukoga uliojikita chini ya fizi, na ulimi kule nyuma nisikofikisha mswaki. Huko bakteria wanakula mabaki ya chakula na kutoa gesi za salfa. "Dada, ulikuwa unapiga deki bila kufagia," akaniambia, taratibu, mlango umefungwa.

Ukoga ukatolewa, gego likazibwa, madoa yakasuguliwa. Sasa naswaki mpaka ulimi na kunywa maji hata kukiwa na baridi, maana mdomo mkavu unaongeza harufu.

Kwa hiyo dawa naipa nyota nne. Hapana, tatu, nikikumbuka yale meno kwenye kioo. Lakini kosa si la dawa! Sentensi moja tu ya yule kijana ingeniokoa. Chupa bado ina nusu. Daktari ameniruhusu kusukutua siku mojamoja, nikiwa na bibi harusi kwenye kiti, na inasaidia, sikatai. Ila famasi ile hata pamba sinunui tena.