Kuomba shahada mpya ya ufamasia Uganda: fomu nyepesi, maelezo haba

Chuo kinapotangaza Shahada ya Ufamasia kwa mara ya kwanza, watu hukimbilia fomu. Fomu ndiyo sehemu rahisi. Tumeipima huduma nzima ya kuomba, kuanzia tangazo hadi barua ya udahili, na tunaona imetengenezwa vizuri pale ambapo pesa inalipwa, na vibaya pale ambapo mwombaji anahitaji kujua analipia nini.

Sifa kwanza. Vyuo kadhaa vya umma vinatumia ACMIS, mfumo wa kuomba mtandaoni. Unafungua akaunti, unaingiza namba za mtihani za UCE (wa kidato cha nne) na UACE (wa kidato cha sita, S.6) pamoja na mwaka, unapanga machaguo yako, kisha unapata PRN, ile namba ya malipo, unayoilipia benki au kwa simu. Makerere imekuwa ikitoza Waganda shilingi 50,000 zisizorudishwa, na makato ya benki juu yake. Mwenye slipu zake zote za matokeo za UNEB, baraza la mitihani, mezani na mtandao usiokatika anamaliza kwa muda mfupi.

Makosa hutokea hapo hapo. PRN ina muda wake. Ikipita, pesa haipokelewi na inabidi utoe nyingine. Wengine hulipa kisha wakafunga simu bila kurudi kwenye akaunti kuona kama ombi linaonyesha kuwa limelipiwa na limewasilishwa. Baya zaidi ni kijana wa kafe anayejaza fomu kwa namba yake mwenyewe ya simu na baruapepe yake: ujumbe wote unaingia kwake, na siku nenosiri likisahaulika unamtafuta yeye mtaa mzima. Fungua akaunti kwa simu yako, hata kama mwingine ndiye anayechapa.

Angalia pia majina. Nakintu wa UCE akigeuka Nakinttu kwenye UACE, au jina la dini likiwa kwenye slipu moja tu, mfumo unaweza usiseme lolote. Kelele huanza siku ya usajili, karatasi halisi zinapolinganishwa na kitambulisho. Hati ya kiapo itafutwe mapema, kabla ya foleni hiyo.

Tunapowapunguzia alama watoa huduma ni kwenye uzani, yaani jinsi kila somo linavyohesabiwa. Tangazo husema "principal pass mbili", yaani kufaulu masomo makuu mawili ya UACE, na mzazi akaona mtoto amefuzu. Hizo mbili zinakufikisha mlangoni tu. Kwenye UACE, A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O ni 1. Masomo mawili ya lazima huzidishwa kwa 3, la tatu linalohusiana na kozi kwa 2, na yale madogo kama General Paper kwa 1. UCE ya zamani huongeza 0.3 kwa kila distinction, 0.2 kwa credit na 0.1 kwa pass. Vyuo vya umma humwongezea msichana 1.5.

Chukua msichana mwenye A ya kemia, B ya baiolojia na C ya hisabati, ambapo kemia na baiolojia ndiyo masomo ya lazima. Kemia 18, baiolojia 15, hisabati 8, General Paper na ICT 1 na 1: jumla 43. Distinction sita na credit mbili za UCE zinaleta 2.2, jinsia 1.5, anafika 46.7. Sasa geuza herufi zile zile: C iwe ya kemia, A ya baiolojia, B ya hisabati. Anashuka kwa alama nzima, na kwenye ufamasia, ambao alama zake za kuingilia hukaa jirani na za udaktari, watu huachwa kwa sehemu ya alama. Tangazo lingeweka mfano mmoja tu wa hesabu hii, maswali mengi yangekwisha. Waliofanya UCE ya mtaala mpya, iliyoanza kutahiniwa 2024, wana herufi A hadi E. Alama za zamani kama D1 (distinction) na C3 (credit) hazimo kwenye slipu zao, hivyo wasome kanuni za mwaka wao wa kuomba.

Mwenye diploma ya ufamasia ana mlango wake wa kuingilia. Asijaze fomu ya waliotoka S.6, na transkripti iwe imethibitishwa na chuo alikosomea. Aliyesoma nje ya Uganda apate kwanza ulinganisho wa vyeti vyake. Kazi hiyo huchukua muda ambao tarehe ya mwisho ya maombi haikusubiri.

Sasa kozi yenyewe. Ingia kwenye orodha ya NCHE, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, utafute jina la chuo, jina kamili la shahada na hali ya ithibati yake. Mwaka 2023 kelele za kozi zilizopitwa na muda wa ithibati ziligusa hata vyuo vikubwa, kwa hiyo ukubwa wa geti usikudanganye. Soma jina neno kwa neno: Bachelor of Pharmacy ndiyo njia ya kuwa mfamasia, shahada nyingine yenye neno "pharmaceutical" huenda ikakufikisha maabara au kiwandani bila kukupa haki ya kusajiliwa. Uliza pia Pharmaceutical Society of Uganda, chama cha wafamasia.

Kisha piga simu chuoni na maswali matatu. Wanafunzi watafanya vitendo hospitali gani? Makerere ina Mulago, MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbarara) ina hospitali ya rufaa ya Mbarara, KIU (Kampala International University) ina yake Ishaka. Wahadhiri wafamasia ni wangapi, na wa kudumu ni wangapi? Maabara ina mashine ya kubana vidonge na kifaa cha kupima kidonge kinavyoyeyuka, au bado vinaagizwa? Ukijibiwa "njoo uone", nenda kweli, siku ya kazi.

Bajeti ipangwe kwa miaka minne ya darasani, kisha mwaka mmoja wa kuwa intani kabla ya usajili. Barua ya udahili ikifika, linganisha jina la shahada lililoandikwa na lile uliloliona NCHE kabla hujalipa karo ya muhula wa kwanza.