Boksi la Bei Moja: Huduma ya Posta ya Marekani kwa Askari Aliye Ng'ambo

Kwa familia zetu zinazoishi Marekani ambazo kijana wao amejiunga na jeshi la huko na kupangiwa kazi ng'ambo, huduma ya Posta ya Marekani (USPS) ya kupeleka barua na vifurushi kwenye anwani za kijeshi ndiyo ninayoipendekeza kuliko nyingine yoyote. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya karatasi na ukimya, mambo ambayo nitayafikia.

Mimi huitumia kumpelekea mpwa wangu aliyeko kambi ya Lemonnier, Jibuti. Yaani mzigo unatoka Texas, unapitia Chicago ambako barua za kijeshi hukusanywa, kisha unavuka bahari kwenda mahali ambapo mtu wa Mombasa angepaita jirani. Pamoja na safari hiyo yote, anwani ya kijeshi, iwe ya APO kwa kambi za nchi kavu na anga au ya FPO kwa wanamaji, hutozwa nauli ya ndani ya Marekani. Posta ina boksi kubwa la bei moja lililotengwa kwa anwani hizo, lenye upana wa takriban sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 14 hivi, na bei yake iko chini kidogo ya boksi la kawaida la ukubwa huohuo. Liwe limejaa soksi au limejaa sukari, malipo ni yaleyale, maadamu uzito hauzidi pauni 70, sawa na kilo 32 hivi. Maboksi yenyewe, pamoja na selotepu na lebo, huletwa nyumbani bure ukiyaagiza kwa simu.

Kwa hiyo boksi hili humfaidisha anayetuma vitu vizito. Vibanzi vya viazi na bisi vinakula nafasi bure, lakini korosho, karanga za kukaanga, majani ya chai, kahawa ya kusaga, ubuyu na kashata zilizokauka vizuri vinastahili kila senti. Chokoleti iacheni, kwa kuwa joto la Jibuti litaigeuza uji kabla haijafunguliwa. Kila chakula nakitia katika mfuko wake wa plastiki wenye zipu, na sabuni ya kuogea naifunga mara mbili na kuiweka kona ya mbali, kwa sababu boksi linalokaa juani kwenye uwanja wa ndege huifanya chai inuke sabuni hadi jani la mwisho. Soksi, nyembe na mafuta ya midomo vinaingia mwisho, vikijaza mianya ili vitu visigongane.

Anwani ina kanuni ambayo wengi wetu huiona ya ajabu: jina la nchi wala la mji halitakiwi kuandikwa. Huandikwa jina kamili la askari, kikosi chake na namba ya sanduku lake la posta, kisha APO au FPO, herufi mbili zinazoshika nafasi ya jimbo, na msimbo wa posta. Herufi AE ni za Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, AP ni za Pasifiki, na AA ni za nchi za Amerika isipokuwa Kanada. Ukiandika Jibuti, kifurushi kinaweza kuingizwa katika posta ya kigeni na kuzunguka huko. Jina la askari nalo ni la lazima, kwani utaratibu wa zamani wa kuandikia "askari yeyote" ulisimamishwa mwaka 2001 kwa sababu za usalama.

Kinachochosha ni fomu ya forodha. Kuandika "vyakula" hakutoshi; kila kitu kinatakiwa kutajwa kwa jina, idadi, uzito na thamani, na ni heri kuijaza kwenye tovuti nyumbani kuliko kusimama dirishani huku foleni ikikukodolea macho. Masharti hutofautiana kwa msimbo wa posta: pombe hairuhusiwi, nyama ya nguruwe hukatazwa katika nchi nyingi za Kiislamu, nayo tumbaku ina vikwazo vyake. Namba ya kufuatilia husaidia mzigo ukiwa ndani ya Marekani, lakini ukishakabidhiwa jeshi unaweza kukaa siku nyingi bila taarifa yoyote. Mwenye roho nyepesi atateseka. Kwa kawaida nahesabu wiki mbili hadi tatu, na kampuni binafsi haziokoi kitu hapa, maana kwa kawaida hazifikishi mizigo kwenye anwani hizo.

Barua ndiyo inayostahili sifa zaidi. Stempu ya kawaida ya ndani ya nchi inaifikisha, na askari aliye katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mapigano huandika kwa bure kabisa. Dada yangu, mama wa kijana huyo, anaishi Tanga na hunipa barua zake kwa mkono wa wasafiri. Mimi huzitia katika bahasha moja na stempu moja. Mpwa wangu ameniambia wazi kwamba korosho hugawanywa na kikosi kizima siku ileile, lakini barua za mama yake hamwonyeshi mtu.

Wanaotaka mzigo ufike kabla ya Krismasi waangalie tarehe za mwisho ambazo Posta hutangaza kila mwaka. Huduma ya bei nafuu inayokwenda polepole hufungwa mapema, karibu Novemba, na hii ya boksi huendelea hadi mwanzoni mwa Desemba au baadaye kidogo kutegemea msimbo.