Pampu Mbadala ya Mashine ya Kufulia: Tathmini ya Mnunuzi wa Lamu

Ninachokitathmini hapa ni pampu ya kutolea maji ya mashine ya kufulia, ile inayouzwa kama kipuri mbadala bila jina la kampuni iliyounda mashine yenyewe. Niliiagiza kutoka duka moja la vipuri mjini Mombasa na kuifunga kwa mikono yangu nyumbani, mtaa wa Mkomani, hapa Lamu. Hukumu yangu ni kwamba pampu ni nzuri kuliko nilivyotarajia kwa bei yake, duka lina kasoro mbili ambazo mnunuzi wa kisiwani anapaswa kuzijua kabla ya kutuma pesa, na kazi ya kuibadilisha haihitaji fundi.

Anayeishi Mombasa au Malindi anaweza kuliona jambo hili dogo, kwa kuwa huko mashine hupakiwa kwenye tuktuk na kufikishwa kwa fundi kabla ya adhuhuri. Mashine yenye mlango mbele ina uzito wa kilo 60 hadi 70 hivi, na sehemu ya uzito huo ni vipande vya zege vilivyofungwa kwenye pipa ili isirukeruke inapokamua nguo. Kuuteremsha mzigo huo kwa ngazi za nyumba ya mawe, kuupitisha vichochoroni ambako watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani, kisha kuutafutia hamali, punda na boti ya kuuvusha hadi Mokowe, upande wa bara, na baadaye kuurudisha kwa njia ile ile, ni gharama inayokaribia kumshawishi mtu arudi kwenye beseni. Fundi niliyempigia simu alitaka nauli ya kuja na kurudi, malazi ya usiku mmoja na malipo ya kuangalia tu, yote hayo kabla hajagusa skrubu. Simlaumu, kwa sababu safari ni safari, lakini jumla yake ilizidi mara kadhaa bei ya kipuri ambacho hukaa kiganjani.

Dalili za pampu iliyokufa hazijifichi. Mashine inafua vizuri, inafika kwenye kutoa maji, inanguruma kidogo au inanyamaza kabisa, maji yanabaki ndani na mlango unakataa kufunguka. Mashine nyingi za LG huandika OE zinaposhindwa kutoa maji, za Samsung huandika 5E au 5C, na za Bosch huandika E18. Maandishi hayo, hata hivyo, hayasemi kwamba pampu imeharibika. Yanasema kwamba maji hayakutoka katika muda uliowekwa, na sababu inaweza kuwa paipu iliyokunjika nyuma ya mashine au chujio lililoziba. Kwa hiyo asinunue mtu kipuri chochote kabla ya kufungua kile kifuniko kidogo cha chini, kumwaga maji kwenye sinia kupitia mpira mwembamba ulio pembeni, na kulifungua chujio. Nyumba za kwetu zina uchafu wake maalumu: ndani ya chujio langu nilikuta pini ya mtandio, vifungo vya kanzu, uzi wa pindo la kikoi na mchanga mweupe wa Shela, ule unaokuja na watoto kutoka pwani na hauishi hata nguo zikikung'utwa. Wengi wanaodhani wanahitaji pampu wanahitaji kitambaa na kijiko tu.

Baada ya kusafisha, mashine yangu iliendelea kunyamaza, na hapo ndipo inapoanza kazi ya mita ya fundi (multimeter), kile kifaa cha mkononi cha kupimia umeme. Mashine ikiwa imechomolewa kabisa kwenye soketi na bomba la maji limefungwa, waya mbili za pampu hutolewa na ncha za mita huwekwa kwenye vibanzi vyake viwili, yaani vile vipande vya chuma vinavyochomekwa waya. Pampu nyingi za volti 220 hadi 240 husoma baina ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 100 na 200 hivi zikiwa nzima. Yangu haikusoma chochote, maana yake koili, ule waya uliozungushwa ndani ya mota, imekatika. Vibanzi vyenyewe vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, jambo lisilomshangaza mtu anayejua hewa ya chumvi inavyofanya kazi huku, hata kwenye bawaba za milango. Nitaje pia kwamba gurudumu dogo lenye mapezi linalosukuma maji likizungushwa kwa kidole huwa linakwenda kwa kukwamakwama, na wengine hudhani huo ni ubovu. Ndivyo lilivyo, kwa sababu ndani yake mna sumaku. Ubovu ni pale linapokataa kuzunguka au linapochezacheza kwenye mhimili wake.

Sasa niseme juu ya duka. Muuzaji alinivutia tangu simu ya kwanza, kwani nilipoanza kumtajia mashine alinikatiza kwa adabu: "Kaka, jina la mashine halinisaidii. Nitumie picha ya kibandiko cha pampu, na nyingine ya upande inapofungwa." Hiyo ndiyo namna sahihi, kwa sababu mashine mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na pampu tofauti, ilhali mashine za kampuni mbalimbali zinaweza kutumia pampu ile ile kutoka kwa mtengenezaji kama Askoll wa Italia au Hanyu wa China. Yanayopaswa kulingana ni volti na masafa ya umeme (Hz 50), wati (mara nyingi huwa 30 hivi), namna ya kufunga, yaani skrubu tatu au vijino vinavyozungushwa mpaka vikakaza, na upande ambao vibanzi vya umeme vinaelekea. Alikagua picha, akataja bei, na hakutaka pesa mpaka aliponitumia picha ya pampu aliyoishika mkononi.

Kasoro ya kwanza ni kwamba pampu ilikuja bila pete ya mpira inayozuia maji yasivuje pale inapoungana na nyumba ya chujio, yaani ganda la plastiki linalolishika chujio. Mombasa mtu angerudi dukani jioni hiyo hiyo. Huku ni kusubiri basi jingine na boti nyingine. Nilitumia pete ya zamani, ambayo kwa bahati ilikuwa bado laini, lakini anayeagiza na aamrishe pete itajwe kwenye risiti. Kasoro ya pili ni sharti kwamba kipuri cha umeme kikishaondoka dukani hakirudishwi. Ninaelewa wanachokiogopa, kwa kuwa wapo wateja wanaochoma vitu na kuvirudisha, lakini kwa mteja aliye mbali duka lingeweza angalau kuipima pampu kwa mita na kumtumia video fupi. Ufungaji wa kifurushi nao ulikuwa gazeti na gundi ya karatasi. Kimefika salama, na sina la kuongeza hapo.

Kuifunga kulikuwa rahisi. Mashine yangu ni ya aina ambayo upande wa chini uko wazi, hivyo niliiegemeza kwa nyuma ukutani huku ndugu yangu akiishikilia, nikapiga picha ya waya kabla ya kuzigusa, nikatoa skrubu tatu kwa bisibisi ya nyota, na pampu ikashuka na kikombe kimoja cha maji machafu. Si lazima kubadilisha nyumba nzima ya plastiki yenye chujio. Mota na gurudumu lake hutoka kama kipande kimoja, na paipu zote zinabaki mahali pake. Kabla ya kurudisha waya nilivipaka vibanzi grisi ya silikoni ili kuzuia chumvi. Jaribio linalofaa ni kumimina maji kiasi cha nusu ndoo ndani ya pipa, kuchagua mzunguko wa kukamua peke yake, na kumulika chini kwa tochi kutazama kama pana tone linalodondoka.

Kuhusu utendaji, pampu hii hutoa maji kwa kasi ile ile ya pampu ya awali, kwa kadiri sikio na macho yanavyoweza kupima, ila ina mvumo mkali kidogo, hasa maji yanapoelekea kwisha na hewa kuanza kuingia. Mama, ambaye hulala chumba cha jirani na alikuwa ameizoea ile ya kimya, ameulalamikia mvumo huo zaidi ya mara moja. Tangu Ramadhani imekuwa ikifanya kazi bila kukwama, katika nyumba inayofua mashuka, leso na kanzu karibu kila siku, kwa maji ambayo nyakati za kiangazi yana ladha ya chumvi. Plastiki ya mapezi ni laini kuliko ya awali na sitarajii idumu miaka mingi kama ile, lakini kwa shilingi 2,000 na ushei pamoja na usafirishaji, hata ikidumu nusu ya umri huo sitakuwa nimepunjwa.

Kutoka duka hilo hilo ningeagiza bila wasiwasi mkanda wa mota, brashi za kaboni kwa mashine zinazozitumia, na ule mpira mkubwa wa mlangoni, ingawa huo wa mwisho unadai subira na vidole vyenye nguvu. Beringi, zile zinazobeba mhimili wa pipa, nisingeziagiza. Kuzifikia kunahitaji kulitoa pipa lote na kulipasua katika sehemu mbili, na mashine nyingine pipa lake limeyeyushwa likaunganishwa kiwandani kiasi kwamba haliwezi kufunguliwa bila msumeno. Kwa kazi ya namna hiyo ningemlipa fundi nauli, malazi, na hayo malipo ya kuangalia.