Fonti ya Inter kwenye mabango ya Kiswahili: uzoefu wangu

Nasanifu mabango na vipeperushi, karibu vyote vya Kiswahili, na fonti yoyote ile isiyo na mikia kwenye ncha za herufi naipima kwanza kwa neno WAVUVI. W, A na V zote zina mistari ya mshazari. Fonti ambayo jozi za herufi hizo, kama WA na AV, hazikupangwa vizuri huacha pengo baada ya W, na mpita njia anasoma WA VUVI. Lugha yetu inaumbua fonti mbovu, maana wa-, ya- na ta- hazikosekani, na A ndiyo herufi tunayoitumia kuliko zote.

Inter ya Rasmus Andersson, iliyoanza kutolewa mwaka 2017, ni ya bure hata kwa kazi za biashara. WAVUVI imekaa sawa. Nikaijaribu na YATAKAYO: A inaingia chini ya bawa la T bila kuligusa. Hiyo ndiyo keningi, yaani kusogeza jozi moja moja, na hapa imefanywa kwa uangalifu mkubwa.

Nafasi kati ya herufi zote za mstari ni suala jingine. Inter ilibuniwa kwa maandishi madogo ya kwenye skrini, hivyo herufi zake zimeachiana kidogo. Ukiikuza ifikie kichwa cha bango, uwazi huo unazidi. Toleo la 4, la mwaka 2023, limeleta Inter Display, ambayo herufi zake zimekaribiana zaidi, na vichwa vyangu vyote sasa natumia hiyo. Maandishi madogo ya herufi kubwa tupu, kama jina la ukumbi, nayaongezea nafasi kidogo. Lakini wateja wanaoomba herufi zitawanywe ili mstari ujaze bango, nawasihi tukuze maandishi badala yake; herufi zikiachana mno, neno halisomeki kwa mara moja.

Ninapoingiza mkono ni kwenye ng’. Alama ya wima inayotoka kwenye kibodi naibadilisha niweke ile iliyopinda, kisha kwenye kichwa kikubwa cha NG’OMBE naisogeza O kushoto kidogo.

Kwa kazi zetu naipendekeza bila kusita. Anayeandikia kwenye Word aangalie mipangilio ya fonti: kisanduku cha keningi kisipowekwa tiki, W na A zitaachana vilevile hata ukiwa na Inter.